Kuuliza Si Kukosa Imani: Minada ya Mtandaoni na Fedha za Jumuiya



Mtu akitapeliwa mtandaoni, katika jumuiya zetu hupewa methali kabla ya kupewa msaada. Huambiwa "tamaa mbele, mauti nyuma", na mazungumzo huishia hapo. Sisi tunaona kwamba methali hiyo, kwa jambo hili, mara nyingi hupelekwa kwa mtu asiyestahili. Aliyeibiwa anakaa kimya kwa aibu, aliyeiba anafungua ukurasa mwingine wiki inayofuata, na jirani wa aliyeibiwa anaingia katika mtego uleule kwa sababu hakuna aliyemsimulia. Kwa hiyo tunataka kusema mambo mawili. La kwanza, ofa ya udanganyifu katika mnada wa mtandaoni inaweza kutambuliwa na muumini wa kawaida mwenye simu ya kawaida, akijua tu pa kutazama. La pili, kazi hiyo ya kutambua haifai kuachiwa mtu mmoja, hasa pale fedha zinazotumika ni za wengi.

Tuanze na mnada tunaoujua. Anayekwenda kununua ng'ombe kwenye mnada wa Pugu, Dar es Salaam, au wa Msalato, Dodoma, hanunui kwa kusikia. Anamfungua ng'ombe mdomo aone meno, anamtembeza aone kama anachechemea, anauliza ametoka wapi na ana kibali gani. Muuzaji yuko mbele yake. Pembeni wapo wanunuzi wengine, na bei wanazotaja zinampa kipimo cha bei yake mwenyewe. Hata akikosea, mnada ujao anajua pa kumtafuta muuzaji yule, au angalau watu wanaomfahamu.

Mtandaoni vitu hivyo vitatu vinaondoka kwa mkupuo. Bidhaa inabaki picha, muuzaji anabaki jina, na wanunuzi wenzako wanabaki tarakimu zinazopanda kwenye kioo cha simu. Waliobuni minada hii walilijua tatizo hilo tangu mwanzo. Pierre Omidyar alipoanzisha mwaka 1995, kule California, mnada ambao baadaye uliitwa eBay, kitu cha kwanza kuuzwa kilikuwa kifaa cha kuelekezea kwa mwanga wa leza. Kilikuwa kibovu, na kilitangazwa wazi kuwa ni kibovu. Kiliuzwa dola 14.83 kwa mtu aliyekuwa akikusanya vifaa vibovu vya aina hiyo. Mwaka uliofuata uliwekwa utaratibu wa wauzaji na wanunuzi kuandika ushuhuda juu ya wenzao, ili mgeni aweze kumwamini mgeni kwa maneno ya waliotangulia. Mnada wa mtandaoni, basi, umesimama juu ya ushuhuda, na tapeli anaanza kazi yake kwa kuughushi ushuhuda huo.

Hila hii ni ya zamani kuliko intaneti. Sisi tunaosoma falsafa tunakutana nayo katika kitabu cha tatu cha De Officiis, alichoandika Cicero mwaka 44 kabla ya Kristo. Anasimulia habari za Mroma mmoja, Canius, aliyekwenda Syracuse, Sicilia, akawa anatafuta bustani ya kununua. Mwenye benki mmoja aitwaye Pythius akamwalika chakula kwenye bustani yake. Kabla ya siku ya mwaliko aliwaita wavuvi, akawaomba wavue mbele ya bustani hiyo. Canius alipofika alikuta mitumbwi imejaa, na kila mvuvi anakuja kumwaga samaki miguuni pa Pythius. Alipouliza, aliambiwa kwamba samaki wote wa Syracuse wako mahali pale. Canius akaomba auziwe. Pythius akajifanya hataki kuuza, kisha akakubali kwa bei aliyoitaka yeye. Kesho yake Canius akaja na marafiki, asione hata mtumbwi mmoja. Akamuuliza jirani kama wavuvi wako likizo. Jirani akamjibu kwamba pale hapavuliwi kamwe, na kwamba jana hata yeye alishangaa.

Tazama jinsi hadithi hii inavyofanana na ukurasa wa mnada wa uongo. Wavuvi ndio wale wanaoandika chini ya tangazo, "Asante bosi, mzigo wangu nimepokea", "Mimi nimechukua viwili, wako vizuri". Wavuvi pia ndio wale wanaopandisha dau usiku kucha ilhali ni mtu mmoja mwenye akaunti tano. Na kule kujifanya hataki kuuza ndiko kuambiwa, "Kuna mteja mwingine anatuma hela saa hizi, sijui kama utawahi." Canius hakuwa mjinga. Alitazama kwa macho yake, ila alitazama kile alichoandaliwa. Kosa lilikuwa kwamba jirani aliulizwa siku ya pili, baada ya fedha kulipwa. Somo letu lote limo humo: jirani aulizwe kabla.

Mtakatifu Thomaso wa Akwino, katika Summa Theologiae, sehemu ya pili ya sehemu ya pili, swali la 77, anazungumzia udanganyifu katika kununua na kuuza. Anataja kasoro za aina tatu zinazoweza kuwamo katika kitu kinachouzwa: ya asili yake, kama kuuza madini mengine kwa jina la dhahabu, ya kipimo, kama kupunguza uzito, na ya ubora, kama kuuza mnyama mgonjwa kwa jina la mzima. Muuzaji anayejua kasoro na kuificha anatenda dhambi na anadaiwa malipizi. Ukisoma kwa makini utaona kwamba katika mifano yote mitatu mnunuzi anaondoka na kitu mkononi, hata kama ni kibaya. Tapeli wa mtandaoni amekwenda mbali zaidi, kwa maana anauza kisichokuwapo kabisa. Ndiyo maana ule utaratibu wa mnadani wa kukagua kasoro hautoshi huku. Kabla ya kuuliza kama kitu ni kizima, mnunuzi lazima aulize kama kipo.

Sasa tuseme dalili zenyewe.

Dalili ya kwanza ni bei isiyoelezeka. Bei kuwa chini si kosa, kwa sababu mnada wa kweli nao huwa na bahati zake. Lakini bei ya chini lazima iwe na sababu inayoweza kukaguliwa. Chukua matangazo ya "magari ya mnada bandarini". Ni kweli kwamba Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 inaruhusu bidhaa ambazo hazikugombolewa kwa wakati ziuzwe kwa mnada wa hadhara baada ya kutangazwa. Tapeli anajua kwamba jambo hilo lipo, naye anajificha nyuma yake. Anatangaza gari kwa milioni 3, "ushuru umeshalipwa". Kwenye tovuti ya TRA kuna kikokotoo cha kodi za magari yaliyotumika: unaweka aina ya gari, mwaka na ukubwa wa injini, unaona kodi yake. Ukikuta kodi peke yake inazidi hizo milioni 3, huhitaji kuendelea kubishana na mtu. Tena mnada wa hadhara, kama jina lake lilivyo, hutangazwa hadharani, na malipo ya serikali hupitia namba ya kumbukumbu ya malipo, ile ambayo wengi tunaiita kontro namba. Ofisa wa forodha hakupi namba yake ya simu umtumie fedha ya mnada.

Dalili ya pili ni haraka. Mnada wa kweli una mwisho wake, nao hujulikana tangu mwanzo. Wa uongo unasogezwa kila unapotaka kufikiri: zimebaki dakika kumi, imebaki moja, bosi anafunga ofisi. Anachokiogopa tapeli ni ule muda wa wewe kumpigia simu mwanao aliyeko mjini. Ukiomba usiku mmoja wa kufikiri akakasirika, umepata jibu lako.

Dalili ya tatu ni kuvutwa nje ya uwanja. Umeona kitu kwenye mnada unaofahamika, kisha unaandikiwa pembeni, "Njoo WhatsApp nikupunguzie." Kwenye minada mikubwa kama eBay, ulinzi wa mnunuzi unahusu malipo yaliyofanyika ndani ya mfumo wenyewe. Ukitoka nje umeuacha ulinzi huo mlangoni. Kuna na hila nyingine inayowapata walioshindwa dau: wanaletewa ujumbe kwamba mshindi amejitoa, hivyo wao wamepewa nafasi ya pili, walipe kwenye akaunti fulani. Nafasi ya pili ya kweli ipo, lakini huonekana ndani ya akaunti yako kwenye mnada wenyewe. Usiifuate kwenye kiungo ulichotumiwa; funga ujumbe, ingia mwenyewe kwenye mnada, utazame.

Dalili ya nne ni jina la mpokeaji. Unapotuma fedha kwa simu, jina la mwenye namba hutokea kabla hujaweka namba ya siri. Wengi wetu hulipita jina hilo kama mtu anayepita kibao cha barabarani. Tulisome. Kama tangazo linasema kampuni na jina linalotokea ni la mtu binafsi, au muuzaji amejitambulisha kwa jina moja na linatokea jingine, tusimame hapo. Maelezo ya "hiyo ni line ya mke wangu" au "ni ya mhasibu" ndiyo yaleyale kila siku.

Dalili ya tano ni malipo yanayozaana. Umelipa bei, sasa kuna ada ya kupakia. Umelipa ya kupakia, mzigo umekwama mizani. Umelipa faini, inatakiwa bima. Kila malipo yanaitwa ya mwisho. Hapa mtu hatoi tena kwa ajili ya kitu anachonunua. Anatoa ili asipoteze alichokwisha kutoa. Ni vigumu kusimama, tunakiri. Lakini ada mpya ambayo haikutajwa kabla ya kununua ni sababu ya kutosha ya kutoongeza hata shilingi.

Kwa wanaoagiza magari Japani, tuongeze machache. Minada ya magari huko ni ya wafanyabiashara waliosajiliwa. Mtu wa huku hununua kupitia kampuni au wakala. Gari linalopita mnadani huwa na karatasi ya ukaguzi yenye daraja la hali ya gari, kilomita ilizotembea na alama za mikwaruzo, na herufi R au RA kwa kawaida huonyesha gari lililowahi kugongwa na kutengenezwa. Omba karatasi hiyo, kisha linganisha namba ya chesisi na nyaraka nyingine zote. Wapo matapeli wanaonakili tovuti ya kampuni halali, picha kwa picha, wakabadilisha namba ya simu na akaunti ya benki tu. Kwa hiyo tazama kama akaunti ni ya jina la kampuni yenyewe na kama iko Japani. Chama cha wasafirishaji wa magari yaliyotumika, JUMVEA, kina orodha ya wanachama wake mtandaoni; mawasiliano yachukuliwe huko, si kwenye ujumbe uliokufikia bila kuuomba.

Kwa bidhaa ndogo, vipimo viwili vinatosha kuondoa matapeli wengi. Mwombe muuzaji apige picha mpya ya kitu hicho kikiwa na karatasi iliyoandikwa jina lako na tarehe ya leo. Mwenye kitu atafanya hivyo kwa dakika mbili. Kisha fungua historia ya ukurasa wake: Facebook na Instagram zinaonyesha ukurasa ulifunguliwa lini na kama uliwahi kubadilishwa jina. Ukurasa unaouza jenereta leo, ambao miezi mitatu iliyopita ulikuwa wa vichekesho, umeshajieleza.

Baada ya yote hayo, tunarudi kwenye jambo linalotuuma. Katika parokia mojawapo tunakokwenda kwa utume, kwaya iliweka akiba karibu miaka miwili ili inunue kinanda. Mweka hazina, mama mtu mzima anayeheshimika, aliona mnada wa vyombo vya muziki kwenye simu, akashauriana na wawili usiku ule, akaweka dau, "akashinda". Alituma bei, halafu akatuma fedha ya usafiri, halafu ya "kibali". Shilingi 1,150,000 zikaenda. Kinanda hakikuja. Lakini hasara kubwa zaidi ilikuja baada ya hapo. Wapo waliosema amekula fedha. Wapo waliosema alitaka sifa. Hakuna aliyempeleka polisi kutoa taarifa, hakuna aliyeandika ile namba mahali ili wengine waijue. Mama yule akaacha kuimba. Na katika kanda hiyohiyo, kikundi kingine kikaingia kwenye ukurasa uleule miezi michache baadaye.

Tunauliza: tamaa iko wapi hapo? Alitafuta bei nafuu kwa ajili ya fedha ya wengine, jambo ambalo tungemsifu kama kinanda kingefika. Alichokosa ni jirani wa Canius, mtu wa kumwambia kwamba pale hapavuliwi. Na sisi sote tuliokuwa karibu tungeweza kuwa jirani huyo.

Wapo watakaosema kwamba mafundisho haya yatatufanya tuwe watu wa kushuku kila mtu, na kwamba Mkristo hapaswi kuishi hivyo. Hoja hiyo tunaiheshimu, lakini hatuikubali. Muuzaji mwaminifu hapungukiwi na kitu akiulizwa. Swali linampa nafasi ya kuonyesha alicho nacho. Anayeudhika na swali ni yule asiye na jibu. Isitoshe, imani tunayoidai kwa watu hujengwa kwa kufahamiana, na mtandaoni hatujafahamiana bado. Bwana wetu alipowatuma wafuasi wake aliwataka wawe na busara pamoja na unyofu. Hakuwaambia wachague kimojawapo.

Wengine watasema tuachane na mtandao kabisa, tununue Kariakoo. Kwa aliyeko Dar es Salaam ni rahisi kusema. Kwa parokia ya Ngara au ya Ludewa, nauli ya kwenda na kurudi pamoja na kulala ni fedha nyingi, na mtandao umewaondolea gharama hiyo. Kuwaambia waache ni kuwatoza wao kwa kosa la mwizi.

Tunapendekeza hivi. Fedha ya kikundi isitoke kwenda kwa muuzaji asiyefahamika kabla ya usiku mmoja kupita na watu watatu kuliona tangazo, mmoja wao akiwa kijana anayezijua simu. Jambo hili liandikwe kwenye daftari la kikundi, ili mweka hazina apate la kumjibu anayemharakisha: "Kanuni yetu hairuhusu." Kijana naye akumbuke kwamba anapomsaidia mzee hamwonyeshi ujinga wake, anamlipa sehemu ndogo ya yale aliyofundishwa naye. Na kila parokia iwe na mtu ambaye aliyetapeliwa anaweza kumwendea bila kuogopa kuhukumiwa.

Likishatokea, saa za mwanzo ndizo muhimu. Piga simu mara moja kwa mtandao wako wa simu au benki, uombe muamala uzuiwe. Usifute ujumbe wowote. Piga picha mazungumzo, tangazo na risiti. Nenda polisi, kwa sababu Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inautambua udanganyifu huu kuwa jinai. Namba ya tapeli itume kwenda 15040. Na ujihadhari na yule atakayekupigia siku chache baadaye akidai anaweza kukurudishia fedha zako kwa ada kidogo. Mara nyingi ni yuleyule, au amenunua jina lako kutoka kwake.

Kisha simulia. Kwenye jumuiya, baada ya sala, sema ukurasa uliitwaje, namba ilikuwa ipi, walikuambia nini. Na sisi tunaosikiliza tuiweke methali pembeni siku hiyo, tuchukue kalamu, tuandike namba.